Bibi Amelala

Kwa siku kumi na moja Mama VHT, mhudumu wetu wa afya wa kujitolea, hakuonekana, na mtaa mzima haukushtuka. Sisi tuko Busia, upande wa Uganda, kama dakika kumi kwa miguu kutoka geti la mpakani. Ni mtaa wa watu wa mbio: makuli, wauza mitumba, wabadilisha fedha, akina mama wanaowapikia madereva wa malori. Hapa mlango ukifungwa siku mbili unasema mwenyewe amevuka kununua bidhaa, na ukifungwa wiki unasema amekwenda kuzika kijijini. Mjukuu wake wa miaka tisa alikuwa anakuja bombani kila siku. Tulimsalimia, tukamwuliza bibi yuko wapi. "Bibi amelala," alijibu, kila siku jibu lile lile, nasi tukaendelea na foleni yetu.

Aliyeshtuka ni dada wa bombani. Yeye huuza maji kwa jerikeni, na kwa miaka aliyokaa pale anaijua kila nyumba kwa kiasi cha maji inachochota. Nyumba ya Mama VHT ilikuwa jerikeni mbili za lita ishirini asubuhi na moja jioni. Sasa mtoto alikuwa anakuja na kijerikeni cha lita tano, mara moja kwa siku. Hawakuwa marafiki, dada wa bombani na Mama VHT. Waliwahi hata kuzozana kwa ajili ya chenji ya mia mbili, wakanuniana mwezi mzima. Lakini hesabu ile ilimkataa. Siku ya kumi na moja akafunga bomba kwa kufuli katikati ya foleni, watu wakimtukana, akaenda kugonga mlango. Mimi nilikuwa kwenye foleni ile, na nilikuwa miongoni mwa waliotukana.

Alimkuta kwenye mkeka, midomo imepasuka, shuka limelowa jasho, hawezi kusimama. Ilikuwa taifodi. Kijana wa bodaboda alimbeba akiwa amebanwa katikati, dada wa bombani nyuma akimshikilia, na ufunguo wa bomba ukiwa bado umefungwa kwenye kona ya leso yake. Kwa hiyo siku ile mtaa ulikosa maji hadi saa tisa alasiri, na safari hii hakuna aliyetukana.

Kwa wasioishi Uganda, VHT ni timu za afya za vijiji, mpango ulioanzishwa na serikali mwaka 2001. Ni watu wa kujitolea, wanaochaguliwa na wakazi wenyewe. Mama VHT wetu tulimchagua kwenye mkutano chini ya mwembe, tukampigia makofi, kisha tukarudi nyumbani kwetu na yeye akabaki na kazi. Ana daftari, ana kipimo cha malaria cha tone moja la damu, ana dawa za watoto walio chini ya miaka mitano: za malaria, za nimonia, chumvi za maji na vidonge vya zinki kwa mtoto anayeharisha. Ana saa ya kuhesabia pumzi. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, hayo si mafua tena. Akiona dalili za hatari hashughuliki na vidonge. Anaandika karatasi ya rufaa na anasimama mlangoni mpaka akuone umepanda boda.

Mwanangu wa pili alimhesabia pumzi saa nane za usiku, kwa mwanga wa simu yangu, amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba changu na kanga aliyojifunga haraka. Alizihesabu mara mbili kwa kuwa mtoto alilia katikati. Nikamwambia asante mama, Mungu akubariki, nikafunga mlango upesi kwa sababu ya mbu. Malipo yake kwangu yaliishia hapo.

Mtaa mzima, aliyekuwa akijua nani mgonjwa ni yeye. Alipougua yeye, nani angejua? Alipopata nafuu nilimwomba nilione daftari lake. Nyumba zimepangwa kwa mstari, kila moja na idadi ya watu, watoto, mimba, chandarua, choo. Nilitafuta nyumba yake. Haimo. Nilimwuliza kwa nini. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini kioo hakijioni. "Mimi ndiye naandika," akasema.

Nimelala na maneno hayo siku nyingi. Yananirudisha mbali.

Nimekulia kambini. Baba alikuwa askari polisi, na Kiswahili changu kilikuwa cha kambi kabla hakijawa cha soko. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda asijue Kiswahili kiliwahi kuwa na sura gani kwa Waganda wengi wa rika la mama yangu. Kilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya toa kitambulisho na lala chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Kampala walisombwa mitaani katika misako iliyopewa jina la panda gari, na neno hilo ukilisema leo mbele ya mzee fulani, anaweka kikombe mezani. Baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi. Soko la Busia lilikuwa limekwisha kuamua zamani, kwa sababu Msamia, Mteso, Msomali na Mnubi hawawezi kupatana bei ya nyanya kwa ishara za vidole.

Kipindi kile kile cha misukosuko, baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979, ulikuja kutoka Tanzania mpango wa mayumba kumi: kila nyumba kumi na mkuu wao. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa ujirani. Baba alikuwa akiueleza hivi: mkuu wa nyumba kumi alimjua mgeni wako kabla wewe hujamwekea chai. Alikujua, na kujua kwake kulikuwa na njia moja tu, kwenda juu. Baada ya 1986 zikaja RC, mabaraza ya wakazi ambayo sasa tunayaita LC, na mama anakumbuka zaidi foleni za sukari na sabuni zilizogawiwa na RC kuliko siasa yake. Daftari lilikuwa lile lile, ila safari hii lilirudi na sukari.

Ndiyo maana sipendi mtu akiniambia kwamba dawa ya mitaa yetu ni watu kujuana tu. Daftari la mkuu wa nyumba kumi na daftari la Mama VHT yanafanana kama mapacha: nyumba, majina, wangapi, mgeni ni nani. Mwanzoni nilidhani tofauti ni nia, kwamba huyu ana nia njema na yule hakuwa nayo. Sasa nadhani hata nia njema haitoshi. Ninachotaka kujua ni kama anayehesabu naye anahesabiwa. Mtaa ambao mtu mmoja anawatazama wote, na hakuna anayemtazama yeye, una kasoro ile ile iwe yule mmoja ni mpelelezi au ni mtakatifu.

Chukua mwenyekiti wa LC1, yaani LC ya ngazi ya kijiji. Kisheria, kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wa baraza la kijiji, na kamati ya watu kumi inatuongoza. Uchaguzi wa LC1 uliofanyika 2001 haukurudiwa hadi Julai 10, 2018, tulipopanga mistari nyuma ya wagombea mchana kweupe, kila mtu akimwona jirani yake amesimama wapi. (Mstari wangu ulikuwa mfupi. Niliukimbia? Hapana, lakini niliufikiria.) Wenyeviti hawa posho yao kutoka serikalini imekuwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Si kwa mwezi, kwa mwaka. Nilihesabu safari zangu nyumbani kwa mwenyekiti wetu tangu nihamie mtaa huu: tatu, zote kufuata muhuri. Barua ya kitambulisho, barua ya shule, barua ya kumdhamini binamu. Siku ya tatu alikuwa na msiba, viti vimepangwa uani, nami nikasimama na karatasi yangu nikisubiri watu wapungue.

Rafiki yangu mmoja ni mwalimu kutoka Kigezi, kule kusini-magharibi kwenye milima ambako gari linaishia bondeni na nyumba ziko juu. Kwao kuna vyama vya machela, wanaviita engozi. Mgonjwa akizidiwa, wanachama wanaitwa, wanapokezana kumbeba mabegani mpaka barabarani au hospitali, na akifa wanambeba kumrudisha. Asiyetokea anatozwa faini. Mwalimu alinieleza kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kuchemsha maji, akashangaa kuona naandika. Kilichonivutia zaidi ni habari ya hospitali ya Kisiizi, hospitali ya kanisa huko Rukungiri, kando ya maporomoko. Mwaka 1996 ilipoanzisha bima ya afya, iliandikisha watu kupitia vyama vya engozi badala ya mmoja mmoja. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa: ukiandikisha mmoja mmoja, wanaokuja ni wagonjwa, na bima ya wagonjwa watupu inakufa mapema. Lakini tazama kilichotokea pembeni. Wale wale waliokuwa wakimleta mgonjwa mlangoni wakawa ndio wanaoisaidia hospitali isimame. Hospitali inahitaji machela, na machela inahitaji mahali pa kufika.

Sisi Busia ni tambarare, hatuna haja ya machela. Tulianza na WhatsApp. Baada ya ugonjwa wa Mama VHT kila mtu alikuwa na majuto, na majuto ya siku hizi yanafungua kikundi. Wiki ya kwanza: pole mama, tuko pamoja. Wiki ya pili: viatu vya mtumba daraja la kwanza. Wiki ya tatu mtu alituma sala ndefu inayotakiwa kusambazwa kwa watu kumi, na wiki ya nne dada wa bombani, ambaye simu yake ni ya kitochi na hakuwahi kuwemo, akatuuliza kama kikundi kimewahi kuteka maji.

Tukajaribu zawadi. Nilimpelekea Mama VHT trei ya mayai, kwa fahari, mchana, ili nionekane. Akaikataa mlangoni. Nilifikiri ni heshima ya kizee, nikasukuma kidogo, akanikaripia. "Ukinipa mayai leo, kesho asiye na mayai ataogopa kugonga."

Hapa ndipo pagumu, na sitaki kupapita haraka. Tangu Machi 2001 matibabu katika vituo vya serikali Uganda hayalipiwi, ukiacha wodi za kulipia. Kila Mganda anajua pia maana ya neno chai anapolisikia kwa mtu aliyevaa sare au koti jeupe. Sasa unaposema wakazi wawatunze wanaowahudumia, unakanyaga ukingoni kabisa mwa shimo hilo. Trei yangu ya mayai ilikuwa shukrani, nina hakika. Lakini kwa jirani yangu asiye na kitu, aliyekuwa anachungulia dirishani, ilikuwa bei. Shukrani yangu ilikuwa inapandisha bei ya kugonga mlango ule usiku.

Tulichopatana mwishoni hakikutoka kwenye kichwa changu; kilitoka kwa mama mmoja Mteso anayekaanga mandazi. Alisema kwao mtu aliyeuguliwa analimiwa, na wanaolima hawaandikwi. Mama VHT ana kipande cha shamba nje ya mji, mihogo na karanga, na msimu ulikuwa unampita kitandani. Tukaenda Jumamosi na majembe. Aliyeweza alilima, asiyeweza alibeba maji, mbadilisha fedha mmoja alikuja na viatu vya ngozi akaishia kumenya mihogo. Hakuna aliyeshika kalamu. Hadi leo Mama VHT hajui nani alikwenda na nani hakwenda, na tumekataa kumwambia, ingawa ameuliza kwa ujanja mara kadhaa.

Kwa watu wa boda ilikuwa rahisi zaidi, labda kwa sababu wao tayari wana mpangilio. Steji ina mwenyekiti, ina orodha, ina adhabu. Inasemekana neno bodaboda lenyewe limezaliwa mji huu, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili, na vijana wa steji wanalitaja jambo hilo kama watoto wa mfalme. Walikubali kwamba mama mwenye uchungu na mtoto mgonjwa watabebwa usiku kwa nauli ya mchana. Sisi tukawajengea kibanda cha mabati manane wasinyeshewe. Mmoja alipoteleza na kuvunjika mguu msimu wa mvua, tulichanga kodi ya chumba chake miezi miwili. Wawili hawakuchanga. Sitawataja, wanajijua, na boda zinawabeba vilevile.

Amebaki afande.

Chumba cha tatu kutoka mwisho katika mizigo yetu (hivyo ndivyo tunavyoviita vyumba hivi vya kupanga vya mstari mmoja) anakaa askari polisi kijana na mke wake. Akipita, redio zinapungua sauti. Watoto wanaacha mpira. Watu wanamsalimia kwa ukamilifu wa kutisha, na hakuna anayemkaribisha kukaa. Naujua ukimya huo kutoka upande wa pili. Baba alipofiwa na mama yake, waliokuja kwetu walikuwa watu wa kambini tu. Wale wa nje ya uzio, ambao alikuwa akiwatenganisha wakipigana na kuwatafutia watoto waliopotea sokoni, walimpa pole barabarani, kwa mkono, wakasonga mbele. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Sare ilikuwa imewafanyia mambo mengine katika miaka mingine. Lakini nilimwona baba usiku ule akihesabu viti alivyoazima na kuvirudisha vingi bila kukaliwa.

Mke wa afande alijifungua mwezi Machi. Mama VHT ndiye aliyeligundua tumbo mapema, bila shaka, na ndiye aliyempeleka kliniki mara ya kwanza. Aliporudi na mtoto, dada wa bombani alimbebea jerikeni mbili hadi mlangoni, bila kuitwa, kwa kuwa alijua nyumba yenye mtoto mchanga inachota kiasi gani. Afande akatoka. Alisimama pale na fulana na kandambili, akaangalia zile jerikeni kama kielelezo cha kesi. "Nakudai shilingi ngapi?" akauliza, akimaanisha unanidai, ulimi umemteleza. Dada wa bombani akacheka mpaka akaketi juu ya jerikeni. Kesho yake akina mama watatu walikuwa uani wakichemsha maji ya kumwogesha mzazi, na afande alikuwa amefukuzwa nyumbani kwake mwenyewe, amekaa kwenye kibanda cha boda akila chapati, na hakuna aliyenyamaza kwa sababu yake.

Siwezi kusema mtaa umebadilika. Takataka bado zinatupwa mferejini usiku, na kila mtu anajua ni nani. Kisima cha pampu cha upande wa chini kimekufa tangu mwaka jana kwa kuwa michango ya kamati ya maji iliyeyuka mikononi mwetu wenyewe. Tulipokwenda kwenye baraza, mkutano ule ambao serikali huwaleta maofisa kujibu maswali ya wananchi, tulisimama kwa ujasiri kuuliza kisima kitatengenezwa lini, na fundi akauliza daftari la michango liko wapi. Tukaketi. Huko ndiko tulikofika.

Lakini nyumba ya Mama VHT sasa imo kwenye daftari. Nimeiandika mimi, kwa kalamu yangu, kwenye mstari wa mwisho: watu wawili, mtoto mmoja, chandarua kimoja, choo kipo. Aliniacha niandike akiwa amegeuka upande, anaosha vyombo kwa kelele.

Wiki iliyopita, Jumanne, ilifika saa moja asubuhi na bomba bado lina kufuli. Foleni ikasimama, jerikeni zimejipanga, mwenyewe hayupo. Sikusikia tusi hata moja. Ilipofika saa moja na robo tulikuwa watu sita mlangoni kwa dada wa bombani: mimi, Mama VHT na mfuko wake wa dawa, mama wa mandazi, vijana wawili wa boda waliokuja na pikipiki ikiwa bado inanguruma, na afande katika sare kamili akielekea kazini. Tuligonga. Tukagonga tena. Afande akaanza kuuangalia mlango kwa macho ya kazi, akipima bawaba. Ndipo ukafunguliwa, na dada wa bombani akatokea na nywele zimesimama, alama ya mto shavuni, akatutazama mmoja mmoja, pikipiki, mfuko wa dawa, sare.

"Kwani," akasema, "mtu hawezi kulala?"